Kuchagua Pawa Saplai kwa Miradi ya Sauti: Kuanzia Kwenye Spika Hadi Kwenye Plagi

Wengi wanaoanza kujitengenezea vifaa vya sauti huchagua chipu ya amplifaya kwa makini, hulinganisha spika kwa wiki nzima, kisha dakika ya mwisho huchukua adapta yoyote iliyolala kwenye droo kwa sababu namba iliyoandikwa juu yake inakaribiana na inayotakiwa. Kifaa huwaka na muziki hutoka, lakini pamoja na muziki hutoka mvumo, au mlio mwembamba unaobadilika kila simu inapotuma wimbo mpya, na lawama yote huangukia amplifaya isiyo na kosa lolote.

Mwongozo huu unakwenda kinyumenyume. Tunaanza kwenye spika na kurudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwenye plagi ya ukutani, kwa kuwa spika ndiyo inayoamua volti na mkondo unaohitajika. Tutabeba mfano mmoja njia nzima: amplifaya ya stereo ya wati 20 kila upande, spika za omu 8, na moduli ya Bluetooth ya kupokea muziki kutoka kwenye simu.

Hatua ya 1: Ipigie hesabu spika

Wati 20 kwenye omu 8 ni volti ngapi? Zidisha wati kwa omu, upate 160, kisha tafuta kipeuo cha pili, nawe utapata takriban volti 12.6. Hiyo ni volti fanisi ya wimbi (RMS), yaani ile inayotumika kuhesabu nguvu. Kilele cha wimbi kiko juu zaidi kwa mara 1.414, yaani karibu volti 17.9. Gawanya kilele hicho kwa omu 8 na utapata mkondo wa kilele wa ampea 2.24. Namba hizi mbili, volti 17.9 na ampea 2.24, ndizo zitakazotuongoza, na inafaa uziandike kwenye karatasi kabla hujafungua duka lolote la vipuri.

Chukua pia namba ya tatu, ambayo ni nguvu itakayovutwa kutoka kwenye pawa saplai. Amplifaya ya daraja D, yaani inayokuza sauti kwa kuwasha na kuzima umeme kwa kasi, hufikisha kwenye spika takriban asilimia 90 ya umeme inaopokea ikiwa inafanya kazi kwa nguvu zake zote. Ile ya daraja AB, yaani ya mtindo wa zamani isiyokatakata umeme, hata kwa hesabu ya kinadharia, haiwezi kuvuka asilimia 78.5, na katika matumizi halisi hukaa chini zaidi ya hapo, huku sehemu inayobaki ikigeuka kuwa joto. Kwa mfano wetu, pande mbili zina jumla ya wati 40, hivyo daraja D litavuta takriban wati 44. Muziki wa kawaida hauchezi kileleni muda wote. Ndiyo maana mafundi wengi hukadiria joto kwa kutumia moja ya nane ya nguvu kamili. Hata hivyo, pawa saplai lazima iweze kuvihimili vilele vinapokuja, hata kama huja kwa sehemu ndogo ya sekunde.

Hatua ya 2: Jua amplifaya inataka umeme wa namna gani

Hapa ndipo wanaoanza hupotea. Kuna amplifaya zinazotumia umeme wa upande mmoja, yaani chanya na grandi (nukta ya volti sifuri) tu, na kuna zinazodai pande mbili, chanya na hasi, na grandi katikati yake. Chipu za daraja D kama TPA3116D2 hutumia upande mmoja, kati ya volti 4.5 na 26, na huisukuma spika kutoka ncha zake zote mbili kwa zamu. Kwa sababu hiyo volti 19 za upande mmoja huipa spika kilele kinachokaribia volti 18, ambacho ndicho tulichokuwa tukikitafuta. Chipu za daraja AB kama LM1875 na LM3886 kwa kawaida hupewa pande mbili, na kupata volti 17.9 kwenye spika kunahitaji zaidi ya volti 20 kila upande, kwa kuwa chipu yenyewe hubakiza volti kadhaa isizoweza kuzitoa.

Kosa moja hurudiwa kila siku: mtu ananunua moduli mbili ndogo za kushusha volti, anazilisha kutoka kwenye adapta moja, kisha anaunganisha chanya ya moja na hasi ya nyingine akitumaini kupata pande mbili. Ndani ya moduli hizo hasi ya kuingilia na hasi ya kutokea ni waya uleule, kwa hiyo alichofanya ni kuunganisha chanya na grandi moja kwa moja. Moduli huungua, na adapta ikiwa na bahati hujizima. Adapta mbili zilizotengwa kabisa na umeme wa ukutani zinaweza kuunganishwa hivyo, mradi hakuna hata moja kati yake iliyounganisha hasi yake na ethi (waya wa usalama unaokwenda ardhini) kwa njia ya kujificha. Pima kwa mita kwanza, kati ya pini ya ethi ya plagi na hasi ya kutokea.

Hatua ya 3: Chagua kati ya linia na kukatakata

Pawa saplai ya linia ni transfoma nzito, dayodi nne, kapasita kubwa, na pengine regyuleta ya kuituliza volti mwishoni. Ile ya kukatakata huufungua na kuufunga umeme mara maelfu kwa sekunde, ndiyo maana ni nyepesi na hupoteza joto kidogo. Katika mabishano ya wapenda sauti, linia husifiwa kuliko inavyostahili na kukatakata hulaumiwa kuliko inavyostahili. Adapta nzuri ya kompyuta ya mapajani, ya volti 19 na wati 65, itauendesha mfano wetu vizuri sana: wati 44 kwa volti 19 ni ampea 2.3, na adapta ina uwezo wa ampea 3.4. Ukibadilisha spika ukaweka za omu 4, hesabu inageuka. Kila upande sasa unaweza kufikia wati 40, jumla inayovutwa inakaribia wati 89, na adapta ileile itajizima kwenye kila kilele cha besi. Si ubovu wa adapta. Ni ulinzi wake unaofanya kazi yake.

Kapasita ya mikrofaradi 1000 hadi 2200 karibu na chipu husaidia vilele vifupi. Usiongeze hovyo, kwani adapta nyingi zikikuta kapasita kubwa iliyo tupu hudhani ni shoti, hujizima, hujaribu tena, na kubaki zikipumua hivyo bila kuwaka kamwe. Angalia pia volti zilizoandikwa kwenye kapasita za bodi. Bodi nyingi za TPA3116D2 huuzwa zikiwa na kapasita za volti 25 huku zikitangazwa kwa volti 24. Nafasi hiyo ni ndogo mno, na mimi huzibadilisha kwa za volti 35 kabla hata sijaiwasha bodi.

Ukiamua kwenda na linia, hesabu ina mtego. Transfoma ya 2×18, yaani yenye pande mbili za volti 18, huandikwa volti zake ikiwa imebebeshwa mzigo kamili. Baada ya dayodi na kapasita, volti hizo 18 huwa takriban 24.5 kila upande. Lakini transfoma ndogo isiyo na mzigo hutoa zaidi kwa takriban asilimia 10, na umeme wa ukutani nao unaweza kupanda asilimia 10 nyingine. Ukivijumlisha vyote, kila upande unafika karibu volti 30, jumla 60, na 60 ndio ukomo wa mwisho kabisa wa LM1875. Chipu itaishi hadi usiku mmoja ambao umeme umepanda na hakuna anayesikiliza muziki.

Ushauri wangu hapa ni kushuka hadi 2×15. Utapata takriban volti 20 kila upande, na baada ya kutoa kinachobakizwa na chipu na kushuka kwa kapasita, nguvu itakuwa karibu wati 15 badala ya 20. Kwa sikio, tofauti ya wati 20 na 15 ni desibeli 1.25 tu, ambayo wasikilizaji wengi hawawezi kuitambua. Umenunua usalama wa chipu kwa bei ya kitu kisichosikika. Ukubwa wa transfoma, kwa kanuni ya mafundi, uwe mara moja na nusu ya wati za spika au zaidi kidogo. Kwa mfano wetu, volti-ampea 60 hadi 80.

Kapasita za kusafishia nazo zina hesabu rahisi. Penye umeme wa hezi 50, kapasita hujazwa mara 100 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 10. Mkondo wa ampea 1 ukivutwa kutoka kwenye mikrofaradi 4700 kwa muda huo utaishusha volti kwa takriban 2.1. Ukiweka kapasita mara mbili, mtikisiko unapungua kwa nusu. Kupita mikrofaradi 10,000 kila upande kwa amplifaya ndogo kama hii ni kupamba sanduku.

Hatua ya 4: Lisha sehemu ndogo kwa utaratibu wake

Moduli ya Bluetooth inataka volti 5 na takriban miliampea 100, huku tulichonacho ni volti 19. Wazo la kwanza ni regyuleta ya 7805. Joto lake ni tofauti ya volti mara mkondo: 14 mara 0.1, yaani wati 1.4. Inaonekana ndogo, lakini 7805 isiyo na bati la kupozea hupanda joto kwa takriban nyuzi 65 kwa kila wati, hivyo itakuwa nyuzi 90 juu ya joto la chumba. Haitaungua mara moja, ila usiiguse, na usiiweke karibu na kapasita.

Moduli ndogo ya kushusha volti yenye chipu ya LM2596 huifanya kazi hiyo bila joto la maana. Chipu hiyo hukatakata umeme kwa kilohezi 150, mbali na uwezo wa sikio, lakini kelele yake husafiri kwenye nyaya na kuingia mahali ambapo haikualikwa. Njia ninayoipenda ni kuziunganisha zote mbili: LM2596 ishushe kutoka 19 hadi 7.5, kisha 7805 imalizie hadi 5. Joto la 7805 sasa ni robo ya wati. Kati ya LM2596 na 7805 weka rezista ndogo au koili na kapasita, kwa sababu 7805 huzuia vizuri mtikisiko wa hezi 100 lakini uwezo wake hufifia kadiri frikwensi inavyopanda. Rezista ya omu 10 na kapasita ya mikrofaradi 470 huanza kuchuja kuanzia takriban hezi 34. Kwa miliampea 100, rezista hiyo itakula volti 1, kwa hiyo irekebishe LM2596 itoe 8.5.

Onyo kuhusu moduli zinazorekebishwa kwa skrubu: zinapofika mkononi mwako, skrubu inaweza kuwa imeachwa mahali popote, na volti za kutokea zikawa karibu sawa na za kuingilia. Ziwashe bila mzigo, pima, zungusha hadi upate unachotaka, ndipo uunganishe. Nilijifunza hili kwa moduli ya Bluetooth iliyopokea volti 18 badala ya 5 na kutoa moshi kabla sijainua kidole kutoka kwenye swichi.

Kwa priampu (vikuzaji vidogo vinavyotangulia amplifaya) za opampu, yaani chipu ndogo za kukuzia kama NE5532 au TL072, volti 12 hadi 15 za pande mbili hutosha. Jozi ya 7815 na 7915, au LM317 na LM337, bado ni chaguo zuri, kwa kuwa opampu zenyewe huikataa sehemu kubwa ya kelele ya chini inayokuja kwenye umeme wake. Kwenye LM317, kapasita ya mikrofaradi 10 kutoka pini ya kurekebishia hadi grandi inaweza kupandisha uwezo wa kuzuia mtikisiko kutoka desibeli 65 hadi 80, nayo ni kazi ya dakika mbili. Kumbuka kwamba pini za 7915 hazijapangwa kama za 7815, na bati la mgongoni la 7915 limeunganishwa na volti hasi ya kuingilia. Kuifunga kwenye bati moja la kupozea na 7815 bila karatasi ya maika ni kujitengenezea shoti.

Regyuleta za gharama kubwa zenye kelele ndogo mno, kama LT3045 yenye kelele ya mikrovolti 0.8 tu, zina nafasi yake kwenye chipu za kubadili dijitali kuwa sauti na kwenye saa zake. Kuiweka LT3045 kwenye amplifaya ya spika hakuongezi kitu.

Hatua ya 5: Tenganisha njia za grandi

Hapa ndipo mivumo mingi huzaliwa, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea kwa kununua pawa saplai mpya isiyoweza kutibu ugonjwa. Kila mkondo unaotoka kwenye chanya hurudi kwa njia ya grandi, na waya wa grandi una ukinzani, hata kama ni mdogo. Tuseme waya wako una omu 0.02, na Bluetooth inavuta mkondo kwa mapigo ya miliampea 100. Kila pigo huzaa milivolti 2 kwenye waya huo. Kama waya huohuo ndio unaobeba grandi ya sauti kuelekea amplifaya, milivolti hizo huhesabiwa kuwa sehemu ya muziki. Amplifaya inayokuza mara 20 huzifanya milivolti 40 kwenye spika, na kwa spika ya kawaida ya nyumbani kelele hiyo husikika wazi chumbani wimbo ukisimama. Ndiyo ule mlio wa ndege mdogo ambao kila aliyejenga spika ya Bluetooth anaujua.

Dawa ya kwanza ni nyaya. Chagua nukta moja ya grandi, bora iwe kwenye kapasita kubwa ya pawa saplai, na kila sehemu irudishe waya wake yenyewe hadi hapo: amplifaya waya wake, Bluetooth waya wake. Sokota waya wa chanya na wa grandi pamoja. Weka moduli za kukatakata mbali na waya za sauti, kwani koili zake hutawanya usumaku hewani.

Nyaya zikishindwa, dawa ya pili ni kutenganisha kabisa. Moduli ndogo kama B0505S huingiza volti 5 na kutoa volti 5 bila grandi kugusana, kwa uwezo wa wati 1, yaani miliampea 200. Ikilishwa Bluetooth kupitia hapo, mkondo wake hauna tena njia ya kupita kwenye grandi ya sauti, na mlio hukatika kana kwamba umefunga mlango. Moduli hii hairekebishi volti: ipe volti 5 tulivu, na usiiache bila mzigo, la sivyo volti zake za kutokea hupanda. Njia nyingine ni transfoma ndogo ya sauti kati ya Bluetooth na amplifaya, ingawa zile za bei ya chini hupunguza besi.

Kuna kisa kingine kinachofanana na hiki lakini chanzo chake ni tofauti. Moduli mbili za kukatakata zikiwa kwenye sanduku moja, moja ikifanya kazi kwa kilohezi 150 na nyingine kwa kilohezi 152, tofauti yake ya kilohezi 2 inaweza kujitokeza kwenye sauti kama filimbi, japo hakuna hata moja inayosikika peke yake. Vilevile, moduli nyingi zikiwa na mzigo mdogo huacha kukata kwa mfululizo na kuanza kukata kwa vipindi, na vipindi hivyo hushuka hadi ndani ya uwezo wa sikio. Jaribu kuongeza rezista inayovuta mkondo kidogo; mlio ukitoweka, umempata mwizi.

Hatua ya 6: Umeme wa ukutani

Kwa mradi wa kwanza, nunua adapta iliyofungwa na usiifungue. Ndani ya pawa saplai ya kukatakata inayotumia volti 230 kuna kapasita yenye takriban volti 325, na huweza kubaki nazo baada ya plagi kuchomolewa. Ukitumia transfoma ndani ya sanduku la chuma, ethi ifungwe kwenye chuma kwa skrubu yake yenyewe, fyuzi iwe kwenye waya wa moto kabla ya swichi, na iwe ya aina inayochelewa kukatika, kwa kuwa transfoma hunywa mkondo mkubwa inapowashwa. Mara ya kwanza kuwasha, pitisha umeme kwenye balbu ya zamani ya nyuzi ya wati 60 iliyounganishwa kwa mfuatano: ikiwaka kidogo kisha kufifia, kuna heri, ikibaki inang'aa, zima na utafute shoti.

Adapta zisizo na ethi zina tabia ya kuwasha vidole ukigusa sanduku la chuma. Huo ni mkondo mdogo unaovuja kupitia kapasita ya kuchuja, na kwenye adapta nzima hauna madhara, ila huongeza mvumo ukiunganisha kifaa kingine chenye ethi.

Betri huondoa matatizo haya ya ukutani. Seli 5 za lithiamu kwa mfuatano hutoa volti 21 zikiwa zimejaa, na zinafaa kwa TPA3116D2 moja kwa moja, mradi kuna bodi ya kuzilinda.

Hatua ya 7: Pima kabla ya kuamini

Pima kwanza bila mzigo, kisha kwa mzigo bandia. Kwa volti 5, rezista ya omu 47 ya wati 2 huvuta takriban miliampea 106. Kwa adapta ya volti 24, balbu mbili za gari za volti 12 na wati 21 zilizounganishwa kwa mfuatano ni mzigo mzuri wa karibu ampea 1.75, ingawa balbu baridi huvuta zaidi inapowashwa na inaweza kuishtua adapta. Acha mzigo kwa nusu saa, gusa, nusa, na upime volti tena. Ukiweka mita kwenye AC na kupima kwenye umeme wa DC, utaona mtikisiko wa hezi 100, lakini mita ya kawaida haioni kelele ya kilohezi 150. Hiyo inahitaji oskiloskopu.

Mwisho, unganisha amplifaya na usikilize ukiwa umeunganisha ingizo la sauti na grandi, bila muziki. Mvumo ukiendelea, tatizo liko kwenye pawa saplai au ndani ya amplifaya. Ukinyamaza, rudisha Bluetooth na usikilize tena. Ikiwa mlio umerudi, ilishe Bluetooth kwa betri ya akiba ya simu, huku waya zake za sauti zikibaki palepale. Mlio ukikatika, pawa saplai haina kosa. Rudi kwenye nyaya za grandi za hatua ya 5 na kalamu mkononi, uchore kila mkondo unapita wapi ukirudi.